Babu Saba wa Amina

Alhamisi, 7 Oktoba 1999

Nimekamua ng'ombe wawili. Wa tatu amekauka, ananitazama kama mimi ndiye niliyemkausha. Maziwa nikayapeleka steji ya Garsen, nikakaa na wenzangu. Lori la mbuzi likatutimulia vumbi lote kwenye vibuyu, na dereva hata pole hakusema. Nilimwambia maneno. Wenzangu wanasema nina mdomo. Ninao, ndiyo.

Leo ni Alhamisi kwa hiyo jenereta ya shule inanguruma tangu saa nane. Mwalimu Kazungu na kompyuta yake. Ni moja tu, watu wa msaada waliiacha baada ya mafuriko, shule ikairithi. Watoto wa darasa la saba wanaingia wawili wawili kuandikia watu wasiowaona, Mwalimu akiwapigia chapa. Barua zinaingia kwenye kitu cha plastiki, kidogo kama kiganja, wanakiita disketi. Anapewa utingo wa basi. Kinafika Malindi kwenye duka lenye intaneti, barua zinakwenda, majibu yanarudi kwa basi yamepigwa chapa kwenye karatasi. Kazungu amenieleza mara tatu. Nilielewa mara ya kwanza. Sikupenda tu.

Mjukuu wangu Amina amepata rafiki humo. Jina lake Samira. Eti ana miaka kumi na tatu kama yeye, anasoma Mombasa, na baba yake ni Muorma kama sisi. Amina anacheka peke yake na karatasi. Sipendi mtu anayecheka na karatasi.

Naandika kwa sababu gumbaru, darasa la watu wazima, walinifundisha herufi nikiwa mzee na sitaki zinitoroke. Daftari ni la Amina, la hesabu, kurasa za nyuma zilibaki tupu. Mtu asilisome.


Jumamosi, 9 Oktoba

Vibuyu vimefukizwa moshi, vyote vinne. Amina aliunguza kimoja kwa kuota mchana.

Akaja na karatasi ya Samira. Akasema, "Ako," ndivyo tunavyoita bibi, "anauliza habari za nyumbani. Nijibu nini?" Nikamwambia soma. Akasoma. Mko wangapi nyumbani? Baba yuko wapi? Ng'ombe wako wapi? Wewe ni wa ukoo gani?

Nilifurahi. Naandika ukweli, nilifurahi. Nilidhani watoto wa mjini hawajui kusalimia, wanasema "mambo" kama wanamfukuza kuku. Huyu anauliza kama mtu. Kwetu salamu ni maswali. Unaulizwa watu, ng'ombe, majani, mvua, unajibu kimoja kimoja bila haraka. Ukiulizwa wewe wa nani, unataja baba, babu, baba wa babu, mpaka saba. Anayeficha ana kitu amekiiba.

Basi nikakaa na Amina nikamtajia, yeye akaandika. Wario wa Guyo wa Barisa wa Jilo na kuendelea. Wa tano alimsahau. Nikamtandika mgongoni, akamkumbuka. Nikamwambia andika baba na mama wako Bangale na ng'ombe mpaka mvua ishike. Andika nyumbani tumebaki mimi na wewe. Andika nyumba ni ile ya mabati mapya nyuma ya josho, ajue sisi si watu wa kuokotwa.

Ilijaa kurasa mbili. Amina akasema Mwalimu atachoka kuipiga chapa. Achoke. Analipwa.


Alhamisi, 14 Oktoba

Jenereta. Barua yetu imeingia kwenye disketi, disketi imeingia mfukoni mwa utingo. Huyo utingo mwaka jana alipoteza blanketi langu. Nimemkumbusha.


Jumanne, 19 Oktoba

Majibu yamekuja. Amina akanisomea nikiwa nasukasuka kibuyu cha siagi. Nikaacha kusukasuka.

Samira hajajibu salamu. Hata moja. Mimi nimempa watu, nimempa ng'ombe, nimempa babu saba wa ukoo wa mume wangu wakiwa wamejipanga. Yeye hajanirudishia hata babu mmoja. Ameandika tu asante kwa barua tamu, halafu maswali mengine. Unatoka shule saa ngapi? Nani anakuja kukuchukua? Una picha?

Huyo si mtoto wa Muorma. Hata mtoto mjinga kuliko wote wa Orma, hata yule wa jirani yangu anayekula udongo, ukimtajia wako atakutajia wake. Majina hayamkai tumboni.

Nimemwambia Amina: Alhamisi utaandika mstari mmoja tu. "Wewe ni wa nani? Taja saba." Picha hakuna. Amenuna. Anune.


Jumatano, 20 Oktoba

Nimekwenda shule na kibuyu kikiwa bado mkononi. Mwalimu Kazungu alikuwa anafuta ubao. Mgiriama mrefu, amekonda kama kamba ya ndama, ana adabu zile za kitabu.

Nikamuuliza, "Huyo Samira ni wa nani?"

"Ni mwanafunzi, Mama Wario. Ameandika umri wake na shule yake."

"Ameandika. Mimi pia naweza kuandika nina miaka kumi na tatu."

Akacheka. Watoto wa mbele nao wakacheka.

"Umewahi kumwona?"

"Hatuonani na mtu, mama. Ndiyo uzuri wake. Kompyuta haina mikono, haiwezi kumshika mtoto."

Nikamwambia yeye ni mpumbavu. Sikusema kwa sauti ndogo. Watoto wakaacha kucheka. Nikatoka. Mlangoni nikasikia mmoja anasema bibi wa Amina ni moto. Ndiyo, na wewe chunga usiungue.


Ijumaa, 29 Oktoba

Amina hanisomei tena barua. Alisema jana hazikuja. Nimemuuliza utingo, akasema alileta bahasha nzima.

Nimeipata ndani ya mto wake, kwenye pamba. Yeye alikuwa mtoni kuchota maji. Nikakaa mlangoni nikaisoma mwenyewe, neno kwa neno, kidole juu ya karatasi. Ilinichukua tangu adhuhuri mpaka alasiri. Sikuwa nimewahi kusoma kitu kirefu hivyo. Na kitu cha kwanza kirefu kusoma maishani mwangu kikawa uchafu.

Imeandikwa: mambo ya babu ni ya zamani, sisi ni marafiki, tusihesabiane. Imeandikwa: usimwonyeshe bibi yako barua hizi, wazee hawaelewi. Imeandikwa: mjomba wangu ana safari ya Garsen, atakuletea zawadi, ukimwona usiogope, ni kama mimi.

Amina aliporudi na mtungi nilimchapa kwa fimbo ya ndama. Sijuti. Akalia akasema Samira ndiye peke yake anayemuuliza habari zake. Nikamwambia mimi siulizi? Akasema, "Unauliza kama nimeosha vibuyu."

Hilo limenikaa kifuani. Naliandika lipungue. Halipungui.


Jumamosi, 30 Oktoba

Nimempelekea Kazungu barua nyumbani kwake. Akaisoma amesimama. Alipofika pale panaposema usimwonyeshe bibi yako, akakaa. Hakucheka leo. Akasema atazuia barua za Amina, na Alhamisi hakuna mtoto atakayeandika mpaka azisome zote.

Nikamuuliza Mwalimu mkuu atamwambia lini. Akasema atamwambia. Naijua sauti hiyo. Ni ya mtu anayeogopa kunyang'anywa mashine.

Nimetuma neno Bangale kwa mtu wa lori, amwambie mwanangu Wario. Litafika likifika.


Jumatatu, 8 Novemba

Siandiki leo. Mkono hautaki.

Amina yuko hapa ndani. Hilo tu.


Jumanne, 9 Novemba

Sasa naandika.

Jana tulikuwa steji, saa nne hivi. Basi la Malindi lilikuwa limejaa, linangoja askari wa msafara, wanaolilinda na majambazi njiani, wamalize chai. Nilikuwa namimina maziwa. Nikainua macho. Amina. Na sare ya shule, na mkoba, analia, na mwanamume amemshika mkono.

Mtu wa miaka arobaini. Shati la mikono mirefu limepigwa pasi, kofia ya sala safi. Ukimwona utampa kiti.

Sikukimbia, magoti yangu hayakimbii. Nilipiga ukelele mmoja wa kuitia ng'ombe. Steji nzima ikageuka. Amina akasema, "Ako, baba anaumwa, yuko hospitali Malindi, huyu ni ami yangu amekuja kunichukua."

Nikamwambia mtu yule, "Mwache."

Akaniamkia. Shikamoo, kwa adabu. Akasema yeye na Wario ni watoto wa ndugu wawili, yeye kakulia Mombasa, ndiyo maana hatujuani. Akasema amepita shule na Mwalimu mkuu mwenyewe amemruhusu.

Nikasema mwongo. Watu wakaanza kusogea, wenye mbuzi, wenye maduka, utingo. Mmoja akasema mzee, jieleze basi. Naye akajieleza. Akaacha mkono wa Amina, akaweka mkono wake kifuani, akaanza. Wario wa Guyo. Guyo wa Barisa. Barisa wa Jilo. Mpaka saba. Hata wa tano hakumsahau.

Watu wakashusha pumzi. Niliwaona. Anayejua saba ni wa nyumbani, kila mtu pale amefundishwa hivyo na mama yake. Mzee mmoja Msomali muuza ng'ombe akaniambia kwa upole, "Hajia, huyu ni wenu. Mpe maziwa anywe, mtoto aende kwa baba yake." Na mimi nimesimama, majina ni yale yale, yamepangwa vile vile, kwa mapumziko yale yale niliyoyaweka mimi nikimwandikisha Amina. Nilisikia sauti yangu inatoka kwenye mdomo wa yule mbwa.

Nilitaka kufa. Kisha nikakasirika, afadhali.

Nikamwambia, "Umetaja wanaume saba, vizuri. Sasa nitajie mwanamke mmoja."

Akasema, "Nini?"

"Guyo mume wangu na baba yako wewe ni ndugu, si ndivyo? Aliyewazaa anaitwa nani? Nyanya yako. Umekula mkononi mwake."

Akatabasamu. Akamtazama Amina. Amina akatazama chini. Majina ya kina mama hatukuyaandika. Hakuna aliyeuliza.

"Mimi nilikulia Mombasa, mama."

"Hata Mombasa watu wana nyanya."

Wanawake wa maziwa wakaanza kucheka, vibaya. Akasema, "Fatuma." Alibahatisha. Mwenzangu Makai, ambaye hana meno na anajua kaburi la kila mtu, akasema, "Halako. Aliitwa Halako, alikuwa na jicho moja, na kila mtoto aliyezaliwa nyumba ile alitemewa mate ya baraka na yeye usoni. Wewe hukutemewa?"

"Nimtemee sasa?" nikasema.

Steji ikacheka yote. Ndilo kosa letu. Tulicheka. Watu wakampisha kwa kicheko, na nilipogeuka kumshika Amina, yule mtu akapenya katikati ya malori. Wakamkimbilia mpaka barabara ya Hola. Wamerudi na kofia. Askari wa msafara walifika vikombe bado mikononi.

Yule mtu alidondosha mkoba wake karibu na basi. Ndani mna barua. Za Amina zote. Na za wengine, wasichana, shule nyingine, majina siyajui. Nilifungua moja. Imeanza: nyumbani tuko wazima, baba yuko malishoni.

Nimempa askari. Akasema watapiga simu kwenye shule hizo. Nikamwambia apige mbele yangu. Akasema mama, nenda nyumbani. Nikakaa kwenye benchi lao mpaka akapiga.


Jumatano, 10 Novemba

Mkutano wa wazazi shuleni. Nilivaa guo langu jeusi la harusi, wajue nimekuja kwa vita.

Mwalimu mkuu alisimama, jasho linamtoka. Akasema yule mtu alifika ofisini na adabu, akataja ukoo wote, akajua baba yuko Bangale, akajua nyumba iko nyuma ya josho. "Ningefanya nini, Mama Wario? Mgeni hawezi kujua hayo."

Nikamwambia angefanya hivi: angetuma mtoto mmoja steji, hatua mia tatu, aniulize. Nikamwambia shule ina ukuta na mlango na kengele na bado ng'ombe wangu wana ulinzi zaidi, maana ndama wangu haondoki na mtu kwa kuwa tu mtu huyo anajua jina lake. Nikamwambia Kazungu mbele ya wote kwamba mashine yake ina mikono, tumeiona, ilikuwa na mikono mirefu iliyopigwa pasi. Wazazi wakapiga makofi. Nilisema mpaka nikakauka koo.

Wakaamua. Mtoto hatoki shule ila na mtu ambaye mwalimu anamjua uso. Kompyuta ifungwe, na ikifunguliwa, mzazi mmoja akae chumbani kila Alhamisi. Na barua isitaje nyumba wala baba alipo.

Kisha baba mmoja, mwenye duka la sukari, akauliza, "Lakini hayo yote aliyajua vipi? Nani alimwambia?"

Kimya. Mimi pia. Mimi mwenye mdomo.

Kazungu alikuwa amekaa kwenye dawati la watoto, magoti yamemfika kidevuni. Alinitazama. Yeye ndiye aliyepiga chapa zile kurasa mbili, neno kwa neno. Alizijua. Nikangoja aseme. Baada ya yote niliyommwagia, nilingoja, na ningekuwa mimi ningesema.

Akasimama, akasema, "Ni kosa la usimamizi wangu."

Akakaa. Wakamtukana yeye.


Alhamisi, 11 Novemba

Hakuna jenereta leo. Masikio hayana kazi.

Sikulala vizuri. Naandika hapa wazi: mimi ndiye niliyemwandikisha. Mtoto aliuliza nijibu nini, nikamfungulia nyumba nzima kwa sababu nilitaka mtu nisiyemjua ajue sisi ni watu wa maana. Amina hajaniambia neno. Angeweza kusema, Ako, si ulinitajia wewe. Fimbo nilimpiga mimi. Na bado hasemi. Afadhali angesema.

Nikachukua maziwa, mazuri, ya ng'ombe mweupe, nikaenda kwa Kazungu. Nikamwambia, "Majina yale nilitaja mimi."

Akasema, "Najua, mama."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilipokuwa nayapiga chapa nilifikiri, mtoto huyu ana bahati. Mimi najua wangu watatu tu. Sikuona hatari. Niliona uzuri."

Nikamwambia bado ni mpumbavu. Akasema ndiyo. Nikamwambia tuko wawili, basi. Akanywa maziwa.

Nikatoka hapo nikaenda kwa mwenye duka la sukari nikamjibu swali lake. Mbele ya wateja. Ilikuwa chungu kama mwarobaini. Alitaka kusema kitu. Akaniangalia, akaacha.


Jumapili, 14 Novemba

Nimemwambia Amina nilikosa. Nilisema nikiwa nimempa mgongo, nakamua. Akasema, "Haya, Ako." Akaja akamshika ndama.

Nikamuuliza habari zake. Si za vibuyu. Alimfuta ndama pua kwa kiganja. Kisha akasema anaogopa kengele ya shule ikilia, anadhani kuna mtu amekuja. Nikaendelea kukamua. Akaendelea kusema, kidogo kidogo.

Yule mtu hajapatikana. Kituoni wamenizoea. Wakiniona wanaficha chai.


Jumapili, 21 Novemba

Mvua nzuri, ya pili wiki hii. Mbu wamerudi.

Amefika mzee kutoka Bangale, binamu wa kweli wa marehemu Guyo, uso wake nimeujua miaka arobaini. Ametumwa na Wario. Neno lilimfikia, ng'ombe watapita Nanighi, Wario na mama yake Amina watakuwa hapa kabla ya mfungo. Nilimtandikia ngozi. Amina akaleta maziwa kwa mikono miwili, kama ninavyotaka.

Mzee akapokea, akaweka chini, akaanza salamu vizuri, taratibu, kama inavyopaswa. "Wewe binti, wa nani? Baba yuko wapi? Mama yuko wapi? Nyumbani mko nani?"

Amina hakujibu. Alisimama na kibuyu, macho kwangu.

Mzee akangoja. Akauliza tena. Amina kimya, macho kwangu. Mzee akanigeukia, uso wake nikauona wazi. Anafikiri nimelea mtoto asiye na adabu. Miaka arobaini hajawahi kunifikiria vibaya, sasa anafikiri, na atalipeleka Bangale.

Ningeweza kumweleza. Nilimmiminia maziwa mengine. Nikamwashiria Amina kwa kichwa tu kwamba akae karibu yangu, akakaa.

Mzee akanywa. Mvua ikaendelea.